Damu ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita, msomaji wa Bagira aliuliza kwa nini tifoide ya ndugu yake haiishi. Mkamjibu kwamba ndugu arudie kipimo cha Widal, na kikitoka tena chanya aongezewe vidonge vya wiki moja. Mimi ni mama wa labo hapa Bukavu, nimezeekea kwenye darubini, na kwa heshima zote napinga jibu hilo. Watu waliojibiwa hivyo ndio tunaowapokea usiku wakiwa wamebebwa mgongoni, kikaratasi cha Widal kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa shati.

Tuanze na hicho kikaratasi. Widal ni kipimo cha mwaka 1896, cha daktari Mfaransa Fernand Widal, na kwa zama zake kilikuwa kazi ya maana. Lakini hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza ulipokutana na salmonela, jamii ya mdudu wa tifoide, iwe juzi, iwe miaka iliyopita. Sasa mtu aliyezaliwa Kadutu, akakua kwa maji ya Kadutu na vyakula vya kando ya barabara, kingamwili hizo atazikosea wapi? Malaria nayo inaweza kukivuruga kipimo hicho. Nendeni sokoni Kadutu siku ya Jumamosi, mpime kila mama aliyekaa nyuma ya meza yake, mzima wa afya, anacheka na kubishania bei: mtapata tifoide za kutosha kufunga soko. Ndiyo maana homa katika mji wetu imebaki na majina mawili tu. Kipimo cha haraka kikionyesha mstari, ni malaria. Kisipoonyesha, ni tifoide. Na siku nyingine, ili mgonjwa asione amelipa bure, anaambiwa ana zote mbili.

Mimi nataka kuwasemea wale wasiotajwa redioni: mikrobe wa maji na wa chakula wanaopenya kutoka tumboni, au kwenye kidonda, wakaingia ndani ya damu. Baadhi yao ni wa nadra kweli, sitaki kumtisha mtu. Lakini aliyeingiliwa nao hana wiki ya kusubiri vidonge vifanye kazi.

Najua kwamba ukisema maji machafu kando ya Ziwa Kivu, kila mtu anasikia kolera. Ana haki. Julai 1994 pale Goma makaburi yalichimbwa kwa matingatinga. Kolera na kuhara damu viliua wakimbizi wanaokadiriwa kufika 50,000 ndani ya wiki chache. Sisi tuliokuwa tumeshapata akili wakati huo hatujasahau. Toka pale tumefundishwa kutazama kinyesi tu. Lakini kolera, kwa ukali wake wote, hukaa kwenye utumbo. Inaua kwa kuukausha mwili, na kwa kawaida haiingii kwenye damu. Hawa ninaowasema, mgonjwa wao anaweza asihare hata mara moja, na wewe ukimsubiri ahare ndipo ushtuke, umechelewa.

Chukueni Aeromonas. Huyu ni mkazi wa maji baridi: ziwani, mtoni, kwenye matope, juu ya ngozi ya samaki, hata ndani ya ruba. Kuna nchi ambako madaktari wa upasuaji huweka ruba kwenye kidole kilichoshonwa upya ili wanyonye damu iliyotuama, na mgonjwa hupewa antibiotiki mapema kwa kumwogopa huyu mmoja. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kule Thailand alionekana kwenye vidonda vya wengi walionusurika. Mtu mwenye afya akimmeza, pengine ataharisha siku chache yakaisha. Akikutana na mtu mwenye ini bovu, mambo ni mengine kabisa.

Mwaka jana tulimpokea papa mmoja, yaani baba mtu mzima, mvuvi. Alikanyaga tilapia ndani ya mtumbwi, mwiba wa mgongo ukamwingia kwenye unyayo. Akauchomoa, akaosha mguu mle mle ziwani, akaendelea na kazi. Kesho yake jioni mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, una malengelenge yenye maji meusi-mekundu, na yeye anatetemeka kwa homa. Kituo cha afya alikopelekwa sitakitaja, maana si hicho peke yake. Wakapima malaria: hakuna. Wakapima Widal: chanya. Basi, tifoide, na ampisilini ya sindano. Kuhusu mguu walimwambia atie maji ya chumvi.

Ampisilini haimgusi Aeromonas. Hajajifunza usugu huo kwa sababu ya watu kumeza vidonge ovyo. Ndivyo alivyoumbwa, hata yule ambaye hajawahi kukutana na dawa hiyo. Kwa hiyo papa alichomwa sindano bila faida yoyote, na nyama ya mguu ikaendelea kufa. Alipofika kwetu macho yalikuwa ya njano. Kulikuwa na pombe ya kasiksi ya miaka mingi hapo, na baadaye tukagundua pia hepatitisi B. Daktari wa zamu, kijana mdogo, alimchukua damu ya kuotesha kabla hajabadilisha dawa. Saa nane ya usiku, na familia inapiga kelele koridoni, yeye anasugua ngozi kwa alkoli na kusubiri ikauke. Daktari wa namna hiyo nikimkuta kantini namlipia chai.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanalipia kitu hiki bila kujua ni nini, na wengi zaidi wanakikataa kwa kutojua. Waganga, yaani madaktari, wanaita hemokiltire: damu inawekwa kwenye chakula cha mikrobe ili aliyemo aote, aonekane. Kwa mtu mzima tunataka mililita 8 hadi 10 katika kila chupa. Kwa mtoto mchanga hata moja au mbili zinasaidia. Chupa ina mchuzi wa njano unaopitisha mwanga. Inaingia kwenye kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37, na kila asubuhi na jioni naiinua mbele ya dirisha. Ikiwa bado inapitisha mwanga, narudisha, hadi siku saba. Ikiwa na ukungu, naita daktari hapo hapo, kabla hata sijajua ni nani aliyemo.

Chupa ya papa ilikuwa na ukungu kabla jua halijazama. Chini ya darubini vikaonekana vijiti vya pinki. Nikapanda kwenye sahani ya damu, na asubuhi yake kulikuwa na makoloni makubwa ya kijivu, yaani marundo ya mikrobe walioota, kila moja limezungukwa na duara jeupe pale ambapo damu imeyeyushwa. Ndipo kikaja kipimo cha oksidazi. Unachota koloni kwa kijiti cha mbao, unaipaka kwenye karatasi iliyolowekwa dawa, unahesabu polepole. Salmonela ukimpaka hapo, karatasi inabaki ilivyo. Huyu aligeuka zambarau iliyokolea kabla sijafika tano. Mwanafunzi wetu wa mazoezi akaruka: "Mama, kolera!" Hakuwa amesema upuuzi, maana vibrio wa kolera naye hugeuka zambarau. Basi tukachanganya koloni kwenye tone la dawa iitwayo deoksikolati na kuinua kitanzi cha waya. Kolera ingevutika, uzi mrefu wa ute ukafuata kitanzi juu. Hapa hakukuwa na uzi wowote. Vipimo vilivyofuata vikasema Aeromonas, daktari akamweka kwenye siprofloksasini na seftriaksoni, na wapasuaji wakakata nyama iliyokufa mara kadhaa. Papa yuko hai. Mguu anao, ila hautaki tena mtumbwi. Siku hizi anauza kadi za simu.

Wenzake Aeromonas nitawapitia haraka, maana sitaki watu waanze kuogopa samaki. Plesiomonas naye ni wa maji baridi na samaki, huharisha, na ni mara chache sana anaingia damuni, hasa kwa watoto wachanga na watu ambao kinga yao imeshuka. Edwardsiella, aliyepewa jina hilo mwaka 1965 kwa heshima ya mtaalamu wa Marekani, hukaa ndani ya samaki na wanyama watambaao. Kumwona ndani ya damu ya mtu ni nadra, lakini katika wagonjwa walioandikwa ambao Edwardsiella alifika damuni, karibu nusu walikufa. Chromobacterium violaceum anaishi kwenye udongo na maji ya nchi za joto; sahani yake ni nzuri kutazama, makoloni ya urujuani uliokolea, na mgonjwa wake anaweza kujaa majipu ndani ya ini kwa siku chache tu. Penisilini na dawa nyingi za jamii yake hazimsumbui. Yule mla watu wa pwani, Vibrio vulnificus, anayekaa kwenye chaza na maji ya chumvi yenye joto, si wa ziwa letu. Namtaja kwa sababu wenzetu wanaofanya kazi Mombasa na Dar es Salaam nao husoma gazeti hili, na miongoni mwao wapo wenye ini bovu wanaopenda kula chaza mbichi.

Hata hivyo, wanaojaza wodi ya watoto si hawa wenye majina ya ajabu. Ni salmonela wa kawaida kabisa, wasio wa tifoide, Typhimurium na Enteritidis. Ulaya mtu akila mayonezi iliyoharibika, atakimbia chooni siku mbili tatu na kurudi kazini. Huku kwetu mikrobe hao hao huingia damuni mwa mtoto wa chini ya miaka mitano: mtoto mwenye malaria kali, mwenye utapiamlo, aliyeishiwa damu, mwenye VVU, na hasa hasa watoto wetu wa SS, wenye selimundu, ambao kwao salmonela huweza kwenda kukaa ndani ya mfupa. INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, pamoja na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerpen kule Ubelgiji, wanafuatilia hemokiltire za hospitali za nchi yetu tangu mwaka 2007, na salmonela hao wako mstari wa mbele kabisa. Wengi wao wanakataa ampisilini, Bactrim na kloramfenikoli kwa mpigo.

Hapa pana mtego ambao hata waganga wazuri hunaswa nao. Mtoto huyo kipimo chake cha malaria ni chanya kweli. Malaria anayo. Anatundikiwa dawa ya malaria, vimelea vinapungua, na homa haishuki. Mama anaambiwa avumilie, dawa itafanya kazi. Mstari wa malaria haufungi mjadala, ndugu zangu waganga. Kwa mtoto aliyepauka, anayepumua haraka na kukataa ziwa, malaria mara nyingi ndiyo iliyomfungulia salmonela mlango.

Na maziwa? Sisi Wabukavu mashanza, maziwa ya mgando, ni kwetu, na sitamwambia mtu aache. Ila maziwa mabichi ya ng'ombe au mbuzi mwenye mikrobe aitwaye brusela huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku la kulowesha shuka, kiuno na magoti kuuma, mwezi baada ya mwezi. Huyu ndiye bingwa wa kuitwa tifoide sugu. Huota taratibu sana, kwa hiyo mtu wa labo akiambiwa mapema hukaa na chupa muda mrefu zaidi, na hujilinda pia, kwa maana brusela huwaambukiza hata wanaomfungulia sahani bila tahadhari. Mwambieni mtu wa labo kwamba mgonjwa anafuga, au anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Neno hilo moja linatusaidia kuliko karatasi iliyoandikwa "homa" tupu.

Listeria nayo, mikrobe mwingine wa chakula, wajawazito waijue. Huendelea kukua hata ndani ya friji, ndiyo sababu nyama za kusindikwa ni mojawapo ya njia zake. Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walikufa, wengi wakiwa watoto wachanga, hadi Machi 2018 ilipotangazwa kwamba chanzo ni polony, ile soseji nene ya kukata vipande. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanaoletewa vyakula vya kule kwa malori wanaijua vizuri bidhaa hiyo.

Kuhusu maji sina jipya, ila nina ombi la kuwaheshimu wale vijana wa klori wanaokaa kwenye sehemu za kuchotea maji na bomba la sindano mkononi. Nimeona akina mama wakiwapita kwa hasira kwa sababu "maji yananuka dawa". Dozi ile ndogo inayopulizwa ndani ya bidoni, ukisubiri dakika 30, inamuua vibrio, inamuua salmonela, inamuua na Aeromonas. Kama maji yana tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa, maana tope linaila klori kabla haijafika kwa mikrobe. Na sambaza wenu, wale samaki wadogo wa ziwa, waliokaangwa hadi wakawa wakavu hawana tatizo. Tatizo ni lile beseni. Wanatoka ziwani ndani ya beseni, wanakaangwa, kisha wanarudishwa kwenye beseni lile lile lenye maji ya samaki wabichi, linawekwa kichwani na kupita mitaani hadi jioni. Mafuta yote yale ya mawese yameungua bure.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Antibiotiki ikishaingia mwilini, hata dozi moja, chupa yangu mara nyingi haioti kitu, japo mikrobe bado yumo anaendelea na kazi. Dawa iliyoshindwa kumponya mgonjwa inaweza kabisa kufaulu kumficha mikrobe machoni mwangu. Kwa hiyo damu ichukuliwe kwanza, sindano ifuate, hata kama ni dakika tano baadaye. Kwa mgonjwa aliye mahututi hatuombi mtu asubirishwe matibabu. Tunaomba zile dakika tano. Majibu yakija, dawa inabadilishwa au inapunguzwa. Natamani mifuko ya kuchangia matibabu, ambayo inakubali kulipia Widal hadi mara tatu kwa mgonjwa mmoja, ilipie hemokiltire moja badala yake. Ni ghali kuliko Widal, sikatai. Hesabuni lakini bei ya Widal tatu, vidonge vya wiki nne, na pikipiki ya kumpeleka na kumrudisha.

Na wewe msomaji wa Bagira, usimpeleke ndugu yako kurudia Widal. Mpeleke kwenye hospitali inayootesha damu. Kusanya maboksi yote ya dawa alizokunywa, hata zile alizopewa na jirani, umwonyeshe daktari. Asiache wala asianze kitu kwa kunisoma mimi gazetini, daktari ndiye atakayeamua achukuliwe damu lini. Mwambie kama anakunywa maziwa mabichi, kama anavua au anauza samaki, kama ana kidonda, kama amewahi kuambiwa ana ini au sukari. Kama kuna SS katika familia, aseme. Akianza kuchanganyikiwa, au mikono na miguu ikawa baridi huku kifua kinaunguza, msisubiri kukuche.

Kwa wakuu wa vituo vya afya vya Kadutu, Ibanda na Bagira: labo yetu hupokea damu mchana na usiku, Jumapili pia. Kabati la joto lina betri, umeme ukikatika halipoi. Chupa tunawapa bure, mradi zirudi zikiwa na damu ya mgonjwa, jina lake na saa iliyochukuliwa. Nasema hivi kwa sababu kuna kituo kilichotuletea zetu zimeoshwa vizuri na kujazwa mafuta ya mawese, zawadi ya Mwaka Mpya. Tulishukuru. Mafuta tuliyala. Lakini chupa zile zilikuwa za wagonjwa.

Mama wa labo,
Kadutu, Bukavu